Anayefika Ndiye Anayesalimu

Ijumaa, 4 Oktoba

Jumuiya leo ilisali kwa katekista Teodori. Nimerudi na habari mbili. Ya kwanza: Jumatatu ya tarehe kumi na nne, sikukuu, tutasali rozari ya kutembea katika msitu wa hifadhi, kule Mbizi. Bwana misitu amefungua njia mpya ya mzunguko. Unaingilia kwenye kibao, unauzunguka msitu, unatokea kwenye kibao hicho hicho. Ya pili: Kalista anahama.

Anahama! Alhamisi ile ile ya wiki ya rozari. Anakwenda Wampembe, ziwani, kwa binti yake Angela, muuguzi wa zahanati, ambaye anajifungua mwezi ujao na hana wa kumsaidia. Hakuniambia mimi. Aliitangazia jumuiya nzima huku anaitazama picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, na mimi nimekaa chini ya picha hiyo hiyo. Macho yake yakapita juu ya kitambaa changu cha kichwa kama nzi.

Kalista ni jirani yangu hapa Milanzi. Mlango wake na mlango wangu inatazamana, barabara ya vumbi katikati. Tulibatizwa siku moja, tukapata Komunyo siku moja, tukaolewa mwaka mmoja. Na tangu Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, hatusalimiani.

Sababu? Togwa. Siku ya Kupalizwa yeye ndiye aliyepika togwa ya wageni. Watu wakaniuliza, dada Fransiska, ikoje? Nikasema nzuri, ila ina moshi kidogo. Kidogo! Kumbe Kalista yuko nyuma yangu na kata mkononi. Akanipokonya kikombe, akamwaga chini, akasema basi usijitese, mwenzangu. Tangu siku hiyo akiniona anageukia kuku wake.

Sikusema uongo. Togwa ilikuwa na moshi.

Mimi sina kinyongo. Lakini kuna utaratibu. Bibi yangu alitulea uwanja mmoja na akatufundisha sote: anayemkuta mwenzake ndiye anayesalimu. Aliyefika anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anaanza. Aliyekaa anaitikia. Basi Kalista aje anikute nimekaa, yaishe. Nitaitikia hata kabla hajamaliza.

Mtakatifu Anthoni, mtafuta vilivyopotea, nina kazi na wewe. Nataka nisalimiwe kabla ya Alhamisi ile.

Jumapili, 6 Oktoba

Mpango wa kwanza: amani.

Nilifikiri hivi. Padre akisema tutakiane amani, mtu hana pa kukimbilia. Nikawahi kanisani na kukaa nyuma ya benchi ambalo Kalista anakaa miaka yote. Yeye ndiye atakayelazimika kugeuka. Anayegeuka ni kama anayefika. Safi kabisa!

Kalista akaingia. Akaniona. Akaja kukaa benchi la nyuma yangu!

Sasa wa kugeuka nikawa mimi. Baba Yetu niliisali jasho linanitoka. Padre akasema tutakiane amani. Nikaikazia macho altare. Nyuma yangu kimya. Watu wote wanashikana mikono. Hata Isakwisa, bwana misitu mwenyewe, kijana wa Mbeya, Mmoraviani, aliyekuja kutangaza habari za msitu wake tu, akanifikia na kunipa mkono. Mkono kama koleo. Bega likalia. Amani ikatuzunguka mimi na Kalista kama maji yanavyozunguka jiwe.

Lakini wakati wa Komunyo akaimba. Nyuma ya shingo yangu. Kalista anaimba sauti ya pili, mimi ya kwanza, hivyo tangu tukiwa wasichana. Tangu Kupalizwa mimi nimekuwa nikikaa kule mwisho na wazee, nikawa simsikii. Leo nilimsikia mpaka pumzi anazovuta. Nikasahau maneno yangu. Nikawa nafungua na kufunga mdomo bila kutoa sauti, nisije nikaifunika yake.

Mtakatifu Anthoni leo amenionyesha kijiko nilichokipoteza tangu Pasaka. Ahsante. Lakini sikuomba kijiko.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Mpango wa pili: kuugua.

Kutazama wagonjwa ni tendo la huruma, na anayetazama mgonjwa lazima apige hodi. Hodi ni salamu. Basil, mume wangu, alisema mtu anayemdanganya Mungu kwenye sikukuu ya Mama yake ana moyo wa chuma. Nikamwambia simdanganyi Mungu, Mungu anajua kila kitu. Namdanganya Kalista.

Nikajilaza. Wakaja wanajumuiya na mayai. Wakaja na machungwa. Nikalalamikia kiuno, nikalalamikia kichwa, mama mmoja akaniombea kwa sauti kubwa mpaka kichwa kikauma kweli.

Alasiri nikasikia ndala zinavuka barabara. Nazijua ndala zile. Moyo ukapiga kama ngoma ya Pasaka! Zikafika uwanjani. Zikasimama kwa Basil, ambaye alikuwa ameipindua baiskeli yake anaziba pancha.

Akamsalimu Basil. Vizuri, kwa kirefu, habari za kushinda, habari za shamba, habari za baiskeli. Kisha akasema shemeji, nimeleta uji wa ulezi wa mgonjwa wako. Apewe ukiwa wa moto. Wa baridi hapendi.

Wa baridi hapendi! Nani mwingine duniani anajua hilo? Basil huyu ameniletea uji wa baridi ndoa yetu nzima.

Sikuweza kujizuia. Nikaruka kitandani nimwone japo mgongo. Nikakanyaga beseni, maji pwaa, nikalishika pazia, pazia likaja na kamba yake. Nikajikuta nimesimama dirishani mzima kabisa, pazia kichwani kama bibi harusi. Kalista akanitazama. Akamwambia Basil: mgonjwa wako amepona, shemeji, mpe jembe. Akavuka barabara akaenda zake.

Hakupiga hodi. Salamu zote amempa Basil.

Uji niliunywa wote, wa moto. Haukuwa na moshi hata kidogo. Naamini aliupikia mkaa kwa makusudi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbingu zimefunguka! Nina mpango.

Leo kikao cha matembezi. Isakwisa alichora duara kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja wa parokia. Hapa kibao. Upande huu msitu wa misindano, yaani misonobari. Kule nyuma, mbali kabisa na kibao, chemchemi. Upande wa pili mteremko wa misuku, ile miti ya matunda ya porini, halafu unarudi kibaoni. Akasema miti inachipua sasa, mama zangu, njia ni nyembamba, watu wasijazane wakakanyaga miche. Basil akamtania kwamba Mnyakyusa akikuta msitu lazima aulize migomba iko wapi. Isakwisa akasema na Mfipa akikuta msitu lazima aulize nani amemroga. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalitazama duara.

Nikanyoosha mkono. Nikasema tugawanyike makundi mawili. Moja lipite misindano, moja lipite misuku. Yakutane kwenye chemchemi, tusali pamoja, kisha kila kundi liendelee mbele mpaka kibaoni. Teodori akanisifu mbele za watu, akasema dada Fransiska leo ameongozwa na Roho. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha nikamfuata pembeni, nikamwomba Kalista awe kundi la misuku na mimi kundi la misindano. Akaniuliza mbona majirani mnataka kutenganishwa? Nikamwambia ili tukutane kwa furaha.

Anayeelewa na aelewe. Nitafika chemchemi kwanza. Nitakaa. Yeye atanikuta!

Na Maandiko yako upande wangu. Jumatatu ni Matendo ya Furaha. Tendo la pili, Maria anamtembelea Elisabeti. Nani alisafiri? Maria. Nani alimsalimu mwenzake? Maria, yeye aliyefika! Elisabeti alikuwa nyumbani kwake ametulia. Nilimweleza Basil jambo hili wakati wa chakula. Akatafuna. Akauliza kwa hiyo wewe ni Elisabeti? Nikasema ndiyo. Akasema Elisabeti alikuwa na mimba uzeeni, wewe tumbo hilo ni la nini? Mtu wa pancha hawezi kuelewa mambo ya rozari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mazoezi. Nilitoka alfajiri nimevaa mabuti ya mvua ya Basil, nikapanda barabara ya kuelekea msituni. Mabuti makubwa. Kila hatua mguu unafika kabla ya buti. Watoto wa shule wakaniamkia shikamoo huku wanacheka.

Nilifika mpaka kibaoni. Isakwisa alikuwa pale anapigilia mishale ya mbao. Nikamwuliza upande upi ni mfupi kufika chemchemi. Akasema mama, duara halina upande mfupi. Nikamwambia mwanangu, kila kitu kina upande mfupi, ni kuuliza tu. Akasugua kisogo, akakubali kwamba kwa misindano kuna mwinuko kidogo lakini ni karibu zaidi. Nilijua!

Kisha nikasimama pale kuvuta pumzi, nikautazama msitu. Ile miti ya asili imevaa majani mapya. Mekundu, mengine kama shaba, mengine laini na manyoya kama sikio la mtoto. Mvua haijanyesha hata tone, ardhi imepasuka, lakini miti imeshaanza. Sijui inaambiwa na nani.

Tulikuwa tunakuja hapa na Kalista, zamani, kuni na masuku. Hapakuwa na kibao. Yeye anapanda, mimi nakinga kanga chini. Anayarusha masuku na kuimba, na kila wingu likinguruma mbali anateremka mbio na kunikumbatia. Radi anaiogopa kuliko shetani. Nilikuwa namzuga kwa kupiga debe nyuma ya mti ili aje anikumbatie.

Nimerudi na malengelenge miguu yote miwili.

Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi nilipokuwa nafagia uwanja, Kalista naye anafagia wake. Huwa tunaanza pamoja na kumaliza pamoja bila kutazamana. Vumbi langu na vumbi lake vinakutana katikati ya barabara. Vyenyewe havina utaratibu.

Kaya yake imeshafungwa mabunda. Magunia mlangoni, magodoro yamekunjwa. Nilijitazamia kwa pembe ya jicho tu. Lakini nimeona jambo la ajabu. Amekitoa kigoda chake kidogo, kile cha miguu mitatu alichochongewa na marehemu baba yake, akakifuta, akakifunga kamba ya kubebea begani. Kigoda cha nini? Kesho ni matembezi.

Labda anakitengeneza kwa safari. Shauri yake. Kesho mimi ni Elisabeti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika nimejifunika blanketi, miguu kwenye maji ya chumvi. Niandike yote kabla sijasahau, maana kesho kila mtu atakuwa na yake.

Tulikutana kibaoni asubuhi. Kalista amevaa kitenge cha bluu, kigoda begani. Sikumtazama. Hakunitazama. Teodori akaanzisha Nasadiki, tukagawanyika. Wao kulia kwenye misuku, sisi kushoto kwenye misindano.

Tendo la kwanza nilisali na wenzangu. Tendo la pili likaanza, Maria akiwa njiani, nami nikaona ni wakati. Nikawaambia natangulia kusafisha pale chemchemi, wazee wapate maji safi. Nikakaza mwendo. Mabuti bwata bwata bwata! Nyani akanikemea mtini. Nikapanda, nikaanguka, nikasali Salamu Maria nikiwa kwa magoti, nikainuka. Nikaifikia chemchemi. Hakuna mtu! Nimekuwa wa kwanza!

Kuna jiwe tambarare pale, limekaa kama kiti cha askofu. Nikakaa. Nikapangusa jasho, nikafunga kitambaa upya, nikatandaza kitenge magotini. Nikafanya uso wa mtu aliyekaa muda mrefu na hana haraka. Nikafanyia mazoezi kuitikia.

Kundi langu likafika. Likasali. Tukangoja. Mwishowe nikasikia nyimbo upande wa misuku, na kundi lao likatokeza mmoja mmoja. Nikanyoosha mgongo. Akatokea wa kwanza, wa pili, mzee wa fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni, mpaka Isakwisa, ambaye ndiye wa mwisho kwa kazi.

Kalista hayumo!

Nikasahau uso wangu, nikauliza kwa nguvu Kalista yuko wapi. Isakwisa akasema mama Kalista amebaki kule chini penye msuku mkubwa. Amesema mguu umekataa. Amekaa kwenye kigoda chake ametulia, anasema hana shida, kundi la misindano litamkuta hapo hapo.

Litamkuta!

Jamani. Nilisikia damu ikinipanda mpaka masikioni. Yule mwanamke! Alijua. Duara lile lile alilitazama na yeye. Akajua nitakaa kwenye chemchemi, na yeye akakaa kabla hajafika. Sasa mimi nikiendelea na kundi langu, ndiye nitakayefika kwake. Yaani mimi niwe Maria!

Nikamwambia Teodori na mimi mguu wangu umekataa.

Akaniuliza upi. Nikamwonyesha wa kulia. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nachechemea wa kushoto, nikamwambia yote.

Kundi la misuku likapita kwenda misindano. Kundi langu likashuka kwenye misuku, likamkuta Kalista, likamsalimu, likaendelea. Teodori akabaki anapanda na kushuka katikati yetu kama mtu anayechota maji. Akashuka akamwambia Kalista panda, dada yako yuko juu anakungoja. Kalista akamwambia yeye ndiye ashuke, mteremko ni rahisi kuliko mlima. Akapanda akaniletea hilo. Nikamwambia rudi umwambie kwamba mteremko unaumiza magoti. Akashuka. Akapanda. Safari ya mwisho alifika ameshika kiuno, akakaa chini kwenye majani, akamwambia Isakwisa: bwana misitu, nimekuwa katekista tangu wewe hujazaliwa, sijapata kuona. Elisabeti wawili msituni, na Maria hakuna.

Isakwisa akasema yeye hajui habari za Elisabeti, ila hifadhi inafungwa jioni na sheria hairuhusu mtu kulala humo, awe ametembelewa au hajatembelewa.

Hapo ndipo jua likazima.

Wingu lilitokea upande wa bonde la Rukwa, jeusi kama sufuria ya msibani. Upepo ukafuata, majani mekundu yakageuka yote pamoja. Tone moja likaanguka kwenye jiwe langu, kubwa kama shilingi. Harufu ya udongo ikapanda. Mvua ya kwanza! Teodori akafanya ishara ya msalaba kwa furaha. Kisha radi ikapiga.

Nikawaza neno moja tu. Msuku. Amekaa chini ya mti. Na anaogopa.

Sikumbuki kuinuka. Basil atasema najitetea, lakini sikumbuki. Nakumbuka mabuti yamebaki kwenye tope na mimi naendelea pekupeku, kitambaa kimekwenda zake, nateremka naita Kalista! Kalista! Mvua inanipiga mdomoni. Nyuma Isakwisa anapiga kelele mama, usitoke njiani! Nilikuwa nimeshatoka.

Penye kona, kwenye gogo lililoanguka, nikagongana na kitu kikubwa chenye maji kinachokuja mbio kutoka chini. Tukaanguka wote wawili. Kigoda kikanipiga mbavuni.

Ni yeye. Anapanda! Amelowa mpaka kope. Nikamwambia we mjinga, unakaa chini ya mti radi inapiga! Akaniambia mjinga ni wewe, umekaa juu ya jiwe mlimani kama mjusi, nilijua imekupiga! Nikamwambia ungekufa! Akaniambia wewe ndiye ungekufa, na nani angenisindikiza Alhamisi?

Radi nyingine ikapiga. Akanikumbatia kama zamani. Sikupiga debe lolote.

Tukamaliza mzunguko chini ya kitenge kimoja, kigoda kichwani kwake, mimi nimemshika mkono maana mimi ndiye niliye pekupeku. Teodori na Isakwisa nyuma yetu, mabuti ya Basil mikononi mwao, moja moja. Tendo la tano tulilisali tunatembea. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili.

Jumanne, 15 Oktoba

Mafua. Basil amesema ndiyo adhabu ya tarehe saba imefika.

Usiku kucha nimewaza. Mambo ya jana nimeyarudia neno kwa neno, na nimegundua tatizo kubwa. Hakuna aliyesalimu! Mimi nilisema we mjinga. Yeye akasema mjinga ni wewe. Hiyo si salamu. Nimemwuliza Teodori alipokuja kuleta kitambaa changu. Akasema mvua iliwasalimu wote wawili, mwachie Mungu. Hilo si jibu la katekista.

Na sasa tunaishi vibaya. Tunaongea, ila tunaanzia katikati. Asubuhi kafungua mlango, kanitazama, kapiga kelele ng'ambo ya barabara: na chumvi je, nibebe au iko kule? Nikamjibu beba. Mchana nikatoka nikamwambia lakini sufuria kubwa haitaingia humo. Akasema itaingia. Siku nzima hivyo. Hakuna habari za asubuhi, hakuna umeshindaje. Kama watu wanaokula nyama bila kunawa.

Nilimfungia mabunda mpaka jioni. Tulicheka sana juu ya mabuti. Nikaona ukuta wake mtupu palipokuwa na picha ya Mama wa Msaada, pamebaki peupe, nikajifanya napenga mafua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ameondoka.

Tulimsindikiza stendi, Basil na magunia kwenye baiskeli, mimi na Kalista nyuma. Nilijiambia leo lazima yapatikane. Anayeondoka ndiye anayeaga, hilo kila mtu analijua, na kuaga ni salamu ya nyuma. Nikangoja aage. Naye akangoja. Tukaongea habari za dagaa na migebuka, na jinsi Wampembe kulivyo na joto, na kwamba Angela hapendi kusuka. Gari la Wampembe likapakia. Konda akaita mama twende, twende, ziwa halikungoji! Kalista akapanda.

Akanipitishia dirishani kidumu cha togwa. Kisha kigoda. Akasema kikalie, maana kukaa unakuweza.

Nikashindwa kucheka.

Gari likaanza kutembea. Akatoa kichwa nje, kitambaa kinapepea, akasema kwa nguvu: halafu Fransiska, kuhusu ile togwa ya Kupalizwa, nilikuwa nataka kukuambia kwamba...

Gari likapiga honi. Vumbi. Sikusikia!

Kwamba nini?

Basil anasema nisimwulize yeye.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Benchi lake amekaa mama mgeni, anaimba sauti ya kwanza kama mimi. Sauti mbili za kwanza hazina maana. Nikanyamaza.

Mvua imetulia, majani ya Mbizi kutoka hapa yameanza kuwa ya kijani. Asubuhi nilifagia uwanja. Vumbi langu likafika katikati ya barabara peke yake, nikavuka, nikafagia na uwanja wake.

Hajapiga simu. Teodori amepata habari kwamba alifika salama. Basi ajue: anayefika ndiye anayesalimu. Aliyefika Wampembe ni nani? Mimi niko hapa hapa, nimekaa, tena kwenye kigoda chake. Haiwezekani kuwa wazi kuliko hivyo.

Juzi alinibipu. Mlio mmoja, kimya. Nikafurahi mpaka nikaichoma mboga. Lakini bipu si salamu. Bipu ni kubisha hodi na kukimbia. Nikambipu na mimi. Akanibipu. Nikambipu. Tumekwenda hivyo mpaka simu yangu ikazimika. Basil akasema salio lipo, mke wangu, bonyeza umwulize hiyo togwa ina nini, tulale. Nikamwambia hajui kitu.

Maana nimeshapata mpango. Novena ya Noeli inaanza Desemba, na Angela atakuwa ameshajifungua. Nitamtumia mtoto kofia ya sufu kwa gari la Wampembe, bila maneno yoyote. Anayepokea zawadi lazima ashukuru, na kushukuru lazima aanze na habari zenu. Hapo hana pa kukimbilia! Mtakatifu Anthoni, nisaidie kupata sufu ya bluu.

Kidumu kimeisha leo. Nilikuwa nakunywa kidogo kidogo ili kikae, tone la mwisho nimelikinga kwa kiganja.

Ilikuwa na moshi. Nitamwambia, akipiga.